Saa ya Yusufu

Ngara, Jumapili jioni

Mwanangu Devota,

Naandika nikiiba nafasi, maana umekwenda Mabawe kumuaga Bibi na najua hatakuachia mpaka ule mara mbili. Mama yako yuko uani anapiga pasi mashuka yako, ingawa nimemwambia yatakunjamana kabla basi halijaufikia msitu. Habari za chandarua, za vyeti, za kutompa mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, zote ameshakuambia, na ninavyomjua atakuambia tena asubuhi. Huko mimi sina la kuongeza. Nina jambo jingine, na nimeona heri niliandike, kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaanza kukusahihisha sarufi katikati, wewe utacheka, na jambo lenyewe litapita.

Siku barua yako ya kujiunga na chuo ilipofika, hukusoma karo wala orodha ya vifaa. Ulisoma ule mstari mmoja usemao kwamba wanafunzi wana redio yao, haina ratiba, kila anayetaka huandika jina lake akapewa saa yake, na ndani ya saa hiyo anapiga na kusema anachopenda. Ulikimbia nao mpaka jikoni. Tangu hapo nyumba hii haijatulia. Umetangaza kwa mwiko, umetangaza kwa kitana, na mbuzi wa jirani ameshasomewa hali ya hewa ya Kanda ya Ziwa. Wiki iliyopita ukasema "wasikirizaji wapenzi", nami nikakukatiza kutoka sebuleni, "Wasikilizaji, Devota. L. L." Nilisubiri uendelee, na hukuendelea, wala tangu siku hiyo sijakusikia tena ukitangaza. Nisamehe kwa hilo. Nimefundisha miaka mingi na bado sijui wakati wa kufunga mdomo wangu.

Unajua kwamba nami niliwahi kutangaza, kwa sababu nimejisifu mno. Nimekuambia redio yetu ya chuo ilikufa mtambo ulipoungua, na kwamba hapo ndipo nilipoacha. Mtambo uliungua kweli. Ila mimi nilikuwa nimeacha miezi minne kabla, na sababu yake sijamwambia mtu, hata mama yako nimemwambia nusunusu tu.

Ilikuwa ile miaka ambayo Ngara ilijaa watu. Ulikuwa mdogo, darasa la kwanza, lakini naamini unakumbuka malori na vumbi. Mimi nilikuwa mwalimu wa daraja la chini niliyepelekwa chuoni nikiwa na mke na mtoto, nikikaa darasani na vijana ambao ningeweza kuwachapa fimbo mwaka uliotangulia. Mhandisi mmoja wa shirika la misaada alipohamishwa aliacha mtambo mdogo wa kurushia matangazo, na mkufunzi wa sayansi akauunganisha na betri ya lori katika iliyokuwa stoo ya majembe. Ukutani tulitundika magunia matupu ya mahindi ya msaada ili sauti isirudi. Mkuu wa chuo aliulizwa kuhusu kibali akasema tusiulize maswali makubwa kuliko mtambo wenyewe.

Mlangoni palibandikwa karatasi yenye saa za wiki nzima. Unaandika jina lako, saa ni yako, basi. Tuliiita Redio Chochote. Dada mmoja wa Bukoba aliwahi kutusikilizisha mvua, saa nzima ya mvua, kinasa sauti kimeshikwa dirishani, na watu wakampongeza. Mwingine alitangaza mechi ya chuo akiwa haioni, anaelezwa na mtu aliyesimama mlangoni. Kulikuwa na saa za Kihangaza, za Kirundi, za Kihaya, za Kisukuma, kila mtu na lake. Kambi ya wakimbizi iliyokuwa ng'ambo ya bonde ilitupata vizuri kuliko ilivyoipata redio ya taifa, na polepole watu wa huko wakaanza kuleta vijikaratasi: fulani anamtafuta mama yake, fulani amejifungua salama, fulani amefika akiwa mzima.

Mimi pekee ndiye niliyekataa kutumia lugha ya nyumbani, Kihangaza chetu. Hakuna aliyenikataza. Nilikataa kwa aibu. Wiki yangu ya kwanza nilitangaza kwamba wanafunzi wote wafike bwaloni saa sita kwa ajili ya kula, nikiwa na maana ya kura, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, na wakafika na sahani. Walicheka muhula mzima. Kijana mwingine angecheka nao. Mimi nilijifungia kichwani mwangu nikaapa kwamba nitasema Kiswahili mpaka waniulize kama nimezaliwa Pangani.

Ndipo nikampata Yusufu. Yusufu alitoka Biharamulo mjini, kwao ni watu wa maduka ya vitambaa, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa akabaki. Kiswahili chake kilitiririka bila yeye kukifikiria. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka minane na aliniita kaka, na kila Jumatano saa kumi jioni ilikuwa saa yake. Nilikaa naye humo stooni nikimsikiliza anavyoanza sentensi, anavyoivuta, anavyoiweka chini. Alipenda sana neno moja. Kaseti ikikwama, "Subira, wasikilizaji wangu." Betri ikizimia, "Subira, ndugu zangu, subira." Nililichukua neno hilo na sauti yake yote nikaivaa, hata kikohozi chake kidogo cha kabla ya kuanza. Wasikilizaji wakawa hawatutofautishi. Niliona fahari kubwa, mwanangu, fahari ya mtu aliyeazima koti akasahau kwamba si lake.

Kila Jumatano katikati ya saa yake Yusufu alitoka kidogo kwenda kuswali alasiri, akaniachia kipaza sauti. Jumatano moja, yeye akiwa nje anatawadha, akaingia mwanamume mmoja Mrundi, mavumbi hadi kwenye kope. Aliitwa Melkiori. Alikuwa ametoka kambini bila kibali akaenda kulima kwa watu Nyantakara, na wiki nyingi zilikuwa zimepita mkewe hajui kama yu hai. Lori lililomleta lilikuwa likipakia sokoni na lingegeuza baada ya nusu saa. Kambini hakuthubutu kuingia siku hiyo, angekamatwa langoni. Alisema mkewe anaitwa Spesiosa, na kwamba amesikia kuna watu wanaoanza kurudi kwao kwa makundi, naye anaogopa mke asije akafuata mkumbo. Kule walikotoka bado palikuwa panachomwa. Aliniomba nimfikishie kwamba yeye ni mzima, yuko Nyantakara, atakuja Jumapili. Kisha akasema kwa lugha yao, ambayo ni kama yetu tu, "Mumbwirire ngo, ndindira." Mwambieni, nisubiri.

Kama ningelichukua neno lake lilivyo nikaliweka hewani lilivyo, barua hii isingekuwapo. Ndindira. Hata wewe ulikuwa unalielewa ukiwa na miaka saba. Lakini lile lilikuwa neno la nyumbani, na mimi nilikuwa mtu wa Pangani. Nikakohoa kikohozi cha Yusufu, nikasema: "Spesiosa, mke wa Melkiori. Mumeo yu hai, yuko Nyantakara. Ana neno moja tu kwako. Subira, Spesiosa. Subira." Nikaweka muziki wa taratibu. Habari ya Jumapili, kwa kulewa na sauti yangu, niliisahau kabisa.

Simama hapo kidogo, wewe unayekijua Kihangaza cha kwa Bibi. Kwetu, na kwao Warundi, ukimwambia mtu subira unamwambia nini?

Unamwambia rudi.

Spesiosa hakuwa na Kiswahili. Alikuwa amekaa na majirani kuzunguka redio moja, akasikia jina lake, akasikia la mumewe, akasikia neno moja la lugha yake katikati ya maneno asiyoyaelewa, likirudiwa. Rudi, Spesiosa. Rudi. Alfajiri akafunga mzigo wake akashika njia ya mpakani.

Mimi nilijua lini? Nilijua jioni ileile. Nilikuwa nanawa miguu bombani, wanafunzi wawili wa Kihangaza wakapita wakitaniana, mmoja akamwambia mwenzake "subira", yaani rudi ulikotoka, na ndoo ikanitoka mkononi. Ilikuwa haijafika saa moja usiku. Stoo ilikuwa wazi na mtambo unafanya kazi, dada wa Bukoba alikuwa hewani, angenipisha dakika moja bila kuuliza. Nilifika mpaka mlangoni. Nikafikiri watakavyocheka: bwana wa kula na kura, safari hii amemfukuza mke wa mtu nchini. Nikajiambia huenda hakuwa na redio. Nikajiambia huenda ameelewa. Nikarudi bwenini nikalala, na usingizi nikaupata, hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Jumapili Melkiori akaingia kambini asimkute. Akaja chuoni. Kamati ya redio iliitwa chini ya veranda ya bwalo, sote tukasimama, na yule bwana akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, bila kupaza sauti: "Mimi nilisema anirindire. Nani amemrudisha mke wangu?"

Mwenyekiti akauliza nani alikuwa hewani Jumatano saa kumi. Nami, baba yako, mwalimu, mtu mzima kuliko wote pale, nikasema, "Saa ile ni ya Yusufu."

Uone nilivyokuwa mjanja. Haikuwa uongo. Karatasi ya mlangoni iliandikwa Yusufu. Watu wa kambini waliokuja na Melkiori wakaapa kwamba sauti ilikuwa ya Yusufu, tena wakataja kikohozi; Melkiori mwenyewe hakunitambua, stooni mlikuwa na giza na macho yake yalikuwa yamejaa vumbi. Yusufu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri, Devota, alinipa muda wa kutosha kabisa, mtu angeweza kuhesabu hadi ishirini. Nilitazama viatu vyangu. Kisha akasema, "Saa ni yangu. Basi ni juu yangu." Akamwomba Melkiori radhi kwa mikono miwili.

Walimfuta kwenye redio siku hiyohiyo. Jina lake likakatwa mlangoni kwa kalamu nyekundu, na kwa kuwa saa ya Jumatano ilibaki wazi, kamati ikanipa mimi. Nikaichukua.

Sasa ya Spesiosa. Yule mgeni aliyelala kwenu Mabawe siku nne, aliyekusuka nywele mistari midogo ukalia, ukakataa kufumuliwa mwezi mzima, ndiye. Jumatano ile Bibi yako alikuwa na redio yake jikoni. Alisikia mume yuko Nyantakara anamwambia mke arudi kwenye moto peke yake, akaona halina akili. Alfajiri akachukua jembe akaenda kusimama kwenye njia ya mpakani, akijifanya anapalilia ukingo, na kila mwanamke aliyepita na mzigo akamuuliza kama ni mke wa Melkiori. Jua lilikuwa limeshapanda alipompata. Spesiosa akamwambia mumewe amemwagiza arudi. Bibi akamjibu kwamba mumewe hakusema hivyo, aliyesema ni mjinga mmoja wa chuoni, akamtua mzigo wake, akajitwika yeye na kumpeleka nyumbani. Akamlisha mpaka miguu iliyovimba ikapoa. Jumatatu wakaja wote wawili kwa miguu hadi chuoni, wakamkuta Melkiori ameketi langoni, hana nguvu ya kwenda mbele wala nyuma.

Sitaeleza walivyokutana. Melkiori alibaki palepale vumbini na mkewe akakaa kando yake, na wanafunzi wote tukalia kama watoto. Furaha ile ilifunika kila kitu. Hakuna aliyekumbuka tena nani alisema nini, ila Yusufu aliyebaki amefutwa, na Bibi yako.

Bibi alinivuta nyuma ya bwalo. Nilianza kumweleza habari za karatasi ya mlangoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kihangaza, "Ile sauti niliizaa mimi. Hata uivalishe nguo za watu naijua." Akaniambia niende nikaseme. Nikamwambia kesho. Hajawahi kulitaja tena, na kila mwaka nikienda Mabawe ananipokea vizuri, ananipa kiti, anauliza habari za kazi, nami najua kwamba bado anangojea hiyo kesho.

Jumatano iliyofuata niliingia stooni. Nikakohoa. Nikaona aibu ya kikohozi kile, nikajaribu kuanza kwa sauti yangu mwenyewe, na sikuikumbuka inavyoanza. Nikaweka kaseti, ilipoisha nikageuza upande wa pili, saa ikaisha sijasema neno. Niliandika barua ya kuacha kwa sababu za masomo. Masomo hayakuwa na kosa lolote.

Yusufu alimaliza chuo lakini hakufundisha. Sisemi ni kwa ajili yangu, watu huacha ualimu kwa mambo mengi, ila sithubutu kusema pia kwamba mimi simo. Ana duka la vitambaa Biharamulo, upande wa chini wa stendi. Nimepita pale mara nyingi nikienda mkoani kwa shughuli za walimu, na kila mara napita upande wa pili wa barabara kama mtu anayedaiwa. Mwaka juzi aliniona. Alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni akaita, "Kaka!" Nikajifanya nasoma tangazo la mnada ukutani. Nililisoma lote, hadi jina la mpiga chapa. Nilipogeuka alikuwa amerudi ndani kuhudumia wateja.

Sijui kama redio ya chuoni kwenu itakuwa na magunia ukutani. Utaandika jina lako mlangoni na saa itakuwa yako. Ukisema "wasikirizaji", watakuwa wamekusikia. Nilikukatiza siku ile si kwa sababu ya kosa lako. Niliposikia ile r yako nilijisikia mimi mwenyewe nikiwa na ndoo mkononi, nikataka kukuokoa na kitu ambacho wala hakikuwa hatari. Kicheko hakijamdhuru mtu. Kilichotaka kumuua Spesiosa ni woga wangu wa kuchekwa, na ule uzuri wa sauti ambayo si yangu. Neno lisilopendeza lakini la kwako, mwanangu, mimi sasa nalipenda kuliko mapambo yote niliyowahi kuyasema.

Na ukikosea, maana utakosea, hewani hakuna kifutio, kimbia urudi mlangoni siku hiyohiyo. Sikushauri kama mtu aliyewahi kufanya hivyo. Nakuambia kama mtu anayejua bei ya kutofanya: kosa la dakika moja limenila miaka yote hii. Ningelisahihisha kwa Kihangaza kabla ya saa moja usiku ule, pengine Spesiosa asingetoka kambini alfajiri ile, na Yusufu angekuwa baba yako mdogo, anakuja hapa Krismasi kula pilau ya mama yako na kuzisema kasoro zake.

Ninakupenda sana, Devota. Nimekuwa baba wa kusahihisha mno na wa kusema hili mara chache, kwa hiyo nimelitafutia mstari wake peke yake ulisome vizuri.

Sasa la mwisho. Unadhani kesho nitakupungia mkono stendi ya Ngara. Nimekata tiketi mbili. Nitakaa kando yako kwenye basi, tutapita msitu katika msafara wa magari na askari wa kutulinda na majambazi, nitakununulia karanga, utanishangaa kwa nini nimenyoa na kuvaa koti la Pasaka, nami sitasema. Biharamulo nitashuka. Barua hii nitakuwa nimeitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, na utakapoikuta basi litakuwa limeshaacha mji nyuma, nami nitakuwa nimesimama upande wa chini wa stendi mbele ya duka lenye vitambaa, au nitakuwa nimeogopa nikatafuta gari la kunirudisha Ngara.

Mimi najijua, naweza kabisa kurudi. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kabla. Chuoni najua kuna simu za kulipia getini. Ukifika, kabla hujaniambia umefika salama, kabla ya chumba na chakula na hiyo redio yenu, niulize kwanza: "Baba, ulibisha hodi?" Uniulize kwa Kihangaza, nisipate pa kujificha.

Nimeisikia sauti yako barabarani, unamcheka mtu. Nakunja karatasi.

Wako, ambaye bado anajifunza kutamka,
Baba